Chanzo

Chumba namba mia tatu na kumi na nne, Bishkek, mwezi wa pili.
Mabomba ya joto yamegoma tangu Jumatatu
na sisi, mwaka wa tatu wa Uhusiano wa Kimataifa,
tunajifunza amani tumevaa makoti.

Ukutani kuna ramani ya dola iliyokwisha kufa.
Hawakuibandua, maana nyuma yake pana ufa.
Mwalimu Asilkan huiegemea akifundisha,
mgongo wake umefunika nchi mbili kwa mpigo.

Zoezi la leo ni mto wa kubuni, unaitwa Zeta.
Nchi A iko juu, ina bwawa na lango la chuma.
Nchi B iko chini, ina mashamba na kiu.
Saa tatu, mkataba uwe mezani.

Tulidhani kila mtu angechagua upande.
Akakata karatasi, akazikunja, akazitia kofiani,
kofia ya manyoya ya marehemu mumewe,
na mimi wa Batken, ambako Julai
mama huamka saa nane za usiku kuwahi zamu ya mfereji,
nikachomoa A.

Firdavs, wa upande wa Isfara,
ambao kijiji chao kinakunywa kabla ya chetu,
akachomoa B.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti isiyo yangu:
mamlaka ya taifa juu ya maliasili yake;
gharama za bwawa; umeme wa majira ya baridi.
Maneno yalikuja mepesi,
kama kujaribu viatu vya mtu mwingine
ukakuta vinakutosha.
Hilo ndilo lililoniogofya.

Firdavs hakufungua daftari.
Alisema mwaprikoti ukikosa maji siku kumi na mbili
haufi. Unazaa tunda dogo lenye kokwa kubwa,
na watoto hulila hivyohivyo,
kisha huponda kokwa kwa jiwe, wakitafuta kiini.
Alisema kuna mwanamke hukaa ukingoni na taa ya betri,
anahesabu zamu kwa njiti za kiberiti,
kila njiti robo saa,
na walio juu humwona. Kila usiku humwona.
Hawajui jina lake.

Mimi nalijua.

Kalamu yangu iligota kwenye "kwa kuzingatia kwamba".
Bermet, mwenyekiti wa kikao, akagonga glasi kwa kijiko:
waheshimiwa mabalozi, zimebaki dakika tisa.

Tukaafikiana siku nne kwa tatu.
Tulipiga picha, tulipeana mikono yenye glavu.
Ibara ya sita tuliisahau kabisa:
nani atashika ufunguo wa lango.

Msalani bomba lilikohoa, likanyamaza.
Mama Galina, mfagizi, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anasubiri maji kama kila mtu.
Firdavs akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.
Nikamwambia: ile taa iliharibika.
Siku hizi anatumia simu.
Akaangalia chini, kwenye mvuke,
akasema, "Ndiyo maana mwanga umekuwa mweupe."

Ijumaa ripoti zikarudi.
Yangu: hoja imara, huruma kidogo.
Yake: alama nzuri, lakini pale penye njiti za kiberiti
kulikuwa na wino mwekundu, neno moja na alama ya kuuliza:
Chanzo?

Neno lilelile la mahali mto unapoanzia.

Tukaketi maktaba na mwongozo wa marejeo.
Kitabu, hivi. Mkataba, hivi. Gazeti, hivi.
Ukurasa wa tisini na moja: mahojiano ya ana kwa ana.
"Sikuwahi kumhoji," alisema. "Nilikuwa nchi nyingine."
Kalamu yake ilingoja.

Burulkan, nikamwambia. Herufi kwa herufi.

"Tarehe?"

Andika Julai.

"Ya mwaka gani?"

Nikageukia dirisha. Theluji ilikuwa imeanza tena,
maji ya mwakani yakishuka bila haraka
juu ya paa la kitivo.
Andika zote, nikasema.
Mwongozo haukuwa na nafasi ya hilo.
Akaandika pembezoni.