Kipimo cha Saa Nane

Bombo, wodi ya wanaume, zamu ya usiku.
Mofini iko kabatini nyuma ya kufuli mbili,
funguo zimo kiunoni mwa Sista Nyange.

Darasani nilikariri. Mwalimu Shemahonge
alichora utumbo kwa chaki ya buluu:
dawa humezwa, hufyonzwa, husambaa,
hubadilishwa, hutolewa.
Vitenzi vitano. Nikavipanga kama vikombe vya wageni.
Nikapata themanini na mbili.

Mzee Semhando wa kitanda cha tisa hakuwa na vitenzi.
Alikuwa na saratani ya tezi dume, na mikono ya mtu
aliyelisha korona mkonge miaka thelathini na moja
huko Kigombe. Kidole cha shahada kilibaki hukohuko.
Mchana aliniuliza:
"Haya maji machungu mnayoninywesha,
yanajuaje kwamba naumwa kiuno, si goti?"

Nikacheka. Hayajui, babu.
Yanapenya ukuta wa utumbo,
mshipa unayabeba moja kwa moja hadi kwenye ini,
na ini halimkaribishi mgeni kabla ya kumvua.
Katika vijiko vitatu, labda kimoja kinapita salama
kikaenda na damu kokote iendako,
hata kwenye goti lisiloomba kitu.

"Ndiyo maana ya sindano ni kidogo, ya kunywa nyingi?"
Ndiyo maana.
"Basi ini ni korona," akasema.
"Unatia jani zima, zito kama mtoto,
unapata singa za kujaza kiganja.
Lililobaki ni chicha, na maji ya kuwasha."
Na maji hayo huenda wapi? Mimi ndiye niliyeuliza.
"Mferejini. Mfereji ukiziba, mwanangu,
korona haijui, inakwangua tu.
Utaona maji yamekufika magotini."

Nikaandika kwenye chati: mgonjwa mchangamfu.
Chini yake: mkojo, tangu asubuhi, mililita mia na ishirini.
Nikapiga mstari. Nikaenda kunywa chai.

Saa nane kasoro dakika kumi.
Amelala fofofo, nami nikamshukuru Mungu kwa usingizi huo.
Nikamwita. Jicho moja likafunguka,
mboni ndogo kama ncha ya sindano, likafunga.
Nikavua saa yangu ya Ngamiani, ya elfu nane,
nikahesabu kifua kikipanda.
Moja.

Mbili.

Dakika nzima: tisa.

Hapo vikombe vikashuka kabatini kwa kishindo.
Ini huivika mofini sukari
ili iyeyuke majini, ipite kwenye figo, iende zake.
Lakini aliyevikwa si maiti.
Mmoja wa watoto hao wa dawa ni mkali kumpita mamaye,
na mlango wa kutokea nyumba ile ni mmoja.
Mia na ishirini. Niliandika kwa mkono wangu.

Sikumpa. Nilimkimbilia Sista Nyange.
Hakunisifu. Alivaa miwani, akahesabu upya,
akapata nane, akampigia daktari.
Ikaja oksijeni, ikaja sindano ya kuzimua, kidogo kidogo,
ukaja mpira wa mkojo.
Mimi nilipewa kazi ya kumwita jina.
Semhando. Pumua, babu. Semhando.

Alfajiri maumivu yaliamka kabla yake.
Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.
"Kipimo changu cha saa nane kiko wapi?"
Hicho sikukupa, nikasema.
Ulikuwa nacho tayari cha jana, na cha juzi.
Akanyamaza, akipapasa kidole kisichokuwepo.
"Nani kazibua mfereji?"

Nikamwonyesha mfuko unaoning'inia chini ya kitanda:
lita moja na robo, rangi ya chai ya rangi.
Nami, niliyekuwa nikiwaachia wenzangu kazi hiyo,
nikapiga magoti sakafuni kuusoma vizuri.