Dakika Moja na Sekunde Arobaini na Nane

Kompyuta yangu ilitupwa na ofisi ya pamba,
ikaja kwangu kwa toroli, juu ya gunia la muhogo.
Betri ya saa yake ilikwisha kufa zamani.
Kila ikiamka huapa kwamba leo ni mosi Januari,
mwaka elfu moja mia tisa na sabini,
nami huirudisha taratibu, kama mgonjwa wa homa:
hapana, mzee, tuko Soroti, ni Alhamisi, mvua imechelewa.

Mfumo wake sikuununua.
Niliunakili kwa Ekwaru, fundi wa maabara ya shule,
aliyeunakili kwa mtu wa Mbale ambaye jina limempotea.
Hakuna kati yetu aliyepungukiwa.
Jaribu hivyo na chumvi.

Ndani mna majina ya walioushona, maelfu,
kila mmoja na kosa alilolifukuza:
huyu alitibu sauti, yule kipanya,
na mmoja ameandika juu ya mistari yake:
"Sijui kwa nini hii inafanya kazi. Usiiguse."
Nilicheka peke yangu saa saba za usiku
mpaka Amulen akagonga ukuta.

Darubini nayo ni paipu ya maji
na lenzi ya mashine ya fotokopi iliyoungua.
Zohali huonekana punje ya mtama yenye masikio.
Umeme ukikatika, mtaa mzima hulaani;
mimi pia hulaani, kwa adabu ya ujirani,
kisha natoka nje na kigoda.

Nimeivuta kamba ya nguo kaskazini kusini,
kutoka mpapai hadi msumari wa choo,
nami hulala chali chini yake na saa mkononi
nikingoja Moyo wa Nge, ile nyekundu, ivuke.
Programu ya anga, nayo ya bure, hunipa wakati.
Nyota haikuutii. Iliwahi.
Usiku wa kwanza, karibu dakika mbili.
Wa pili, vilevile.
Nililaumu saa. Nililaumu redio.
Nilimlaumu Amulen kwa blanketi lake bichi
lililoivuta kamba upande.
Wiki tatu, daftari zima la lawama.

Mwishowe nikafungua faili la miji.
Faili lile halifichwi; yeyote aingie, asome.
Soroti: thelathini na tatu nukta kumi na sita.
Nukta sitini na moja, jamani! Sitini na moja!
Mtu alipindua tarakimu mbili, labda kwa usingizi,
na mji wetu mzima ukahamia vinamasini
huko upande wa Kaberamaido:
jabali, hospitali, soko, wauza samaki wa kukaushwa,
miaka yote hiyo tumesimama kwenye matete
hadi magotini, wala hatukujua.

Nikasahihisha. Nikatuma.
Siku tisa kimya, kisha kutoka kwa mtu
nisiyemjua uso wala dini: "Imeingia."
Ekwaru akauliza wamenilipa ngapi.
Nikamwonyesha kwa kidole jabali, mahali pake.
Akasema, hilo lilikuwepo.

Kweli, lilikuwepo.
Juu nako hakuna kilichosogea hata unywele.
Anga halina nywila, lakini halipokei masahihisho;
tunachoweza kurekebisha ni tulipojiweka sisi.
Au nusu yake. Kamba bado inalegea.

Jana umeme ulirudi alfajiri.
Mashine ikakohoa, ikaamka,
ikanitangazia mwaka wake uleule.
Nilikwisha kuweka vidole kwenye vibonye
nikakumbuka kwamba kule juu, mahali fulani,
ipo nyota ambayo nuru yake iliondoka mwaka huo
na ndiyo kwanza inabisha hodi hapa uani.
Nikaiacha mashine kidogo, iamini.
Nikaenda kuchemsha chai.