Msumeno Mlangoni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Tuzla, theluji imekuwa tope.
Nawasha mashine, napanga trei, navuta glavu.
Funguo, sarafu, simu, mkanda wenye bizimu.
Kofia mkononi, mzee. Chingamu tema, pipa hilo hapo.
Jaji akiingia simama, akiketi keti,
ukiulizwa jibu, usipoulizwa meza mate.
Nayasema mara mia mbili kwa siku;
mume wangu anadai naendelea nayo usingizini.

Mji wetu umekalia chumvi iliyonyonywa chini kwa chini
na sakafu hii imeinama kidogo.
Sarafu ikidondoka hukimbilia ukuta wa kusini,
mwenyewe nyuma yake, mkono mmoja umeshika suruali.
Sijawahi kucheka.
Mtu aliyevua mkanda huwa mpole ghafla,
hata wale waliofika na sauti.

Jumatano alikuja Mehmedalija
na kitu kirefu ndani ya gazeti.
"Msumeno," akasema, kama mtu anayetaja mkate.
"Ni ushahidi. Jirani aliuacha umenasa
katika mplamu wangu, katikati ya shina."
Nikamwambia: baba, sheria ni msumeno,
lakini msumeno hauingii kwa sheria.
Akanitazama hadi nikauonea haya utani wangu.
Nikaufungia kabatini, nikampa namba kumi na saba.

Akapita. Lango likalia.
Akatoa miwani, saa, kalamu,
na kijiko ambacho hakujua kimeingiaje mfukoni.
Likalia.
Akagonga paja la kushoto kwa vifundo vya vidole:
"Hiki hakivuliki. Tangu tisini na nne."
Nikapitisha kifimbo, kikapiga mluzi palepale aliposema.
Pita, baba.

Hazikupita dakika kumi, huyo jirani:
Refik, jina lenye maana ya rafiki,
na chupa ya pombe ya plamu kwa ajili ya jaji.
"Ni ya mti uleule," akanong'ona. "Aonje kwanza, ndipo ahukumu."
Nikamweleza kwamba humu hakuna zawadi,
kwamba neno hilo asilirudie mbele ya mtu yeyote,
na kwamba mimi sikulisikia.
Akavua mkanda, ambao hakukumbuka kuuvaa tena.
Lango likalia.
Bega la kulia.
Sikumuuliza mwaka.

Benchi lenye joto ni moja tu, lile la karibu na bomba la moto.
Wakaliketia, huyu ncha hii, yule ncha ile,
makoti yao yakilowana pamoja katikati.
Kanuni ya korido: usizungumze na upande wa pili.
Wakaitii muda mrefu.
Kisha Mehmedalija, macho kwangu, sauti kwa ukuta mzima:
"Muulize, chake nacho huamka baridi ikishuka?"
Nikasema hiyo si kazi yangu.
Refik akavijibu viatu vyake:
"Mwambie, siku moja kabla ya mvua. Hakijawahi kukosea."
Karani akaita. Wakasimama,
magoti manne yakilalamika,
wakaingia, kofia mkononi, bila kusukumana.

Kesi iliahirishwa hadi Machi.
Mehmedalija alitoka wa kwanza, akausahau msumeno.
Refik akauona kabatini nilipokuwa namrudishia chupa na mkanda.
"Huo ni wangu."
Namba? Hakuwa nayo.
Nitampa mwenye namba kumi na saba, nikasema, si mwingine,
hata kama meno yake yalinolewa na babu yako.

Alisimama kidogo, kama anayepiga hesabu.
Halafu akaiacha chupa juu ya trei,
akauacha na mkanda,
akatoka kwenye tope ameshika suruali,
akiliita jina la jirani yake
ambalo, kwa mtu anayepiga kelele, ni refu sana.