Swali la Saba

Dodoso langu lina maswali kumi na mawili.
Sita ya mwanzo bibi aliyajibu huku akichambua mchele:
umri, watoto, mwaka alioshukia Matrah
na masanduku mawili, na cherehani isiyo na mkono.
Kwenye la saba akasita.
Kabila?

"Lipi, la kule au la huku?
Wete, mtoto wa jirani alinirushia jiwe, akaniita Mmanga.
Nikaja huku, muuza vitambaa wa Ruwi
akasikia Kiarabu changu, akacheka: Zinjibari!
Jiwe lilikuwa dogo.
Kicheko nakisikia hata leo."

Mhadhiri wetu pale Al Khoud husema
tuutazame ukuta, tusihesabu vyombo vya ndani;
kabila hukaa pale watu wanapotengana.
Nilikuwa nimeyaandika hayo pembeni kwa penseli.
Bibi akataka nimsomee, nikamsomea.
Akasema ukuta anaujua,
alishaupima kwa paji la uso.

Nisba yake ilichukua miaka mitatu kuingia kwenye kadi.
Walikuja wazee wawili kutoka Ibra, hawajapata kumwona,
wakaapa wanamjua
kwa babu wa babu yake.
"Nikalia," akasema. "Sijui kwa nini nililia.
Mmoja alikuwa ananuka vitunguu."

Hapo Jashim akabisha hodi na nazi mbili.
Miaka kumi na tisa yuko duka la chini,
kwao Chittagong,
Kiswahili kafunzwa na vikongwe wa mtaa huu
na lafudhi anayo ile ile ya Wete
ambayo mimi, mjukuu, sikuipata.
"Shikamoo, Bi Thuwaiba."
"Marahaba. Ghaniya, muulize na huyu."
"Bibi, hili ni la raia tu."
Aliniangalia kama niliyemwaga mchele.

Sikumwambia kuwa najua:
kila Novemba ni Jashim apandaye ngazi
kutufungia bendera pale juu ya kiyoyozi,
maana bibi magoti hayamruhusu
na mimi naogopa kimo.
Huivuta pembe zote nne mpaka inyooke.

Nikaruka la saba. La nane
linahusu lugha itumikayo nyumbani.
Bibi alikuwa anatafuta kibubu chake,
na Jashim mlangoni, kiganja wazi,
anahesabu chenji kwa sauti:
mia, mia mbili, mia tatu.