Kipimo Kilichochaguliwa

Nilitengeneza kitufe chenye majina manne:
Kilo. Mapato. Siku. Hasara.
Nguzo ni zile zile sita, maghala sita ya chai hapa Shimanzi,
rangi ile ile ya majani makavu,
lakini ukibofya zinainuka na kuinama
kama watoto wa chuoni: wewe simama, wewe kaa.

Nyuma yake kuna jedwali dogo lisilofungamana na kitu.
Halina undugu na chai wala na mnada,
kazi yake kushika majina tu.
Na fomula inauliza, kama mwenye duka wa Makupa:
umetaka nini? Kilo? Haya, kilo.
Mapato? Zunguka huku.
Na asipochagua mtu, toa kilo.
Mstari huo niliuandika saa nne usiku,
kiyoyozi kikitonya ndani ya ndoo ya rangi,
nikafikiri, hata kwetu nyumbani ndivyo:
asiposema mtu anataka nini, mama hupika muhogo.

Bwana Mwadime alikipenda kitufe kupita kiasi.
Wakija wenye hisa, Mapato.
Wakija watu wa bima, Hasara, tena upesi upesi,
kama anayeonyesha chumba kisichofagiwa.
Wakija wakulima kutoka bara, Kilo,
maana kilo haimgombanishi mtu na mtu.
Sikumlaumu. Kila mgeni na kikombe chake.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa dogo:
kichwa cha chati nilikiandika kwa mkono,
sikukifunga na kitufe.
Jumatano ile kidole cha Mwadime kiliteleza kikaangukia Siku,
na pale juu pakabaki pameandikwa MAPATO.
Nguzo ya Ghala la Tatu ikapaa
nusura itoboe ukuta.
Wakapiga makofi.
Wakaipigia makofi chai iliyolala siku arobaini na moja
ikivuta unyevu, ikisahau harufu yake.
Mwenye suti ya kijivu akauliza nani msimamizi wa pale.
Bi. Swabra akasimama nusu, kalamu mkononi,
akanitazama mimi, hakuitazama nguzo.
Anaijua ile chai. Ameiandikia barua tatu.

Nikasema, "Samahani. Hizo ni siku."

Makofi hayana kitufe cha kuyarudisha.

Kukifunga kichwa kulinichukua dakika tatu.
Kisha nikashuka ngazi, nikaenda kuiona hiyo nguzo kwa macho.
Nzai alikuwa amekaa juu ya magunia, anakula viazi vya karai,
vumbi la chai limemkaa kwenye nyusi.
Nikamwuliza, kijinga tu, yeye hupimaje kazi ya siku.
Akavuta ukosi wa shati akanionyesha bega,
ngozi imekomaa inang'aa kama mpini wa jembe.
"Hapa," akasema. "Likiwaka kabla ya saa sita, mzigo ni mwingi.
Likiwaka baada ya saa sita, ni mimi nimezeeka."
Akapangusa pilipili mdomoni, akarudi kazini.

Nami nikarudi juu.
Kwenye jedwali dogo nikaongeza jina la tano: Bega.
Fomula sikuandika. Ningeandika nini?
Jumla ya nini, igawanywe kwa nini?
Kwa hiyo ukilichagua, nguzo zote sita zinalala
na chati inabaki karatasi tupu.

Wiki iliyofuata Mwadime, akitafuta Mapato, aliligusa.
"Na hili nalo?"
Nikamwambia takwimu zake hazijafika.
"Zinatoka wapi?"
"Chini," nikasema,
nikangoja aniambie nilifute.
Alikaa akiutazama ule weupe, kidole kikiwa hewani,
mpaka mgeni alipobisha hodi
naye akarudi kwenye Kilo.