Dakika Moja Getini

Niliinunua Makambako, kwa mtu wa mbao
aliyekuwa na haraka ya kuoa.
Subaru Foresta, turubo, kijivu,
na tundu la pua juu ya boneti
ambalo watoto wa Igawilo walidhani
ni la kutumbukizia barua.

Mita ilisema elfu themanini na mbili.
Mita ni kama mposaji,
hutaja umri unaotaka kuusikia.
Chini, tumboni, kutu ilisema kweli:
miaka ya chumvi iliyomwagwa juu ya theluji
katika mji ninaoujua kwa kibandiko tu
kwenye kona ya kioo cha mbele.

SACCOS ya hospitali ilinipa milioni nane,
wenzangu wa wodi ya wazazi wakanipa maneno.
Atuganile, mkunga mzima, gari la wahuni?
Kanunue kiwanja Uyole.
Kanunue Vitz, ile mafuta inayanusa tu.
Sikuwajibu.
Kuna kitu mtu anakinunua
na kuna kitu kinamnunua mtu.

Asubuhi ya kwanza, baridi ya Juni, nikawasha.
Sauti ya binti ikatoka kwenye dashibodi,
ya upole, Kijapani kitupu, maneno machache.
Nikaitika: Ndaga.
Ningefanyaje? Mtu akikusemesha
ndani ya gari lako mwenyewe
huwezi kunyamaza kama hukulelewa.

Fundi Asajile, gereji ya Sae, chini ya milingoti,
hakuuliza bei. Aliinamisha sikio kwenye injini
kama mimi ninavyoinamisha langu
kwenye tumbo la mjamzito,
akafuta mikono, akaghani,
maana huyu bwana hawezi kufundisha bila vina:

*Usizime kwa ghafula, ukitoka mlimani,*
*Usikimbilie kula, ingali na moto ndani,*
*Oili nayo hulala, ikawa masizi chini,*
*Dakika moja ya bure, huokoa milioni.*

Nilishika la turubo. La gasketi sikulishika.
Mlima Nyoka, saa nane mchana,
mshale wa joto ukapanda bila kuaga.
Malori ya Tunduma yakinipita yakipiga honi,
kijana akaja mbio na ndoo ya maji ya mto.
Nikamwambia hapana, mwanangu,
chuma cha moto hakinyweshwi baridi.
Tukakaa saa mbili, tukala mahindi yake ya kuchoma.
Alitaka kujua kama lile tundu ni la barua.

Gasketi ilitoka Dar kwa basi,
nikaipokea stendi ya Nanenane saa kumi alfajiri,
imefungwa gazeti, nyembamba kama chapati,
bei ya mtamba.
Asajile alipanga bolti kwenye mfuniko wa sufuria,
kila moja na mahali pake, akakataza mtu kupiga chafya.
Silinda nne zimelala chali, mbili huku, mbili kule.
Nimeona mengi yakifunguliwa.
Hilo nililitazama kwa mikono mfukoni.

Mwaka wa tatu, Lwitiko wa jirani,
aliyesoma Osaka, akaomba lifti.
Binti akasema yake, nami nikaitika yangu.
Lwitiko akacheka hadi akashika mkanda.
Mama, anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Kadi.
Miaka mitatu namshukuru mtu anayenidai.
Kesho yake nikawasha, akadai, nikaitika Ndaga.
Kwa sauti ile, hata deni ni salamu.

Wanaoiona getini usiku, inanguruma imesimama,
hudhani naringa.
Mimi nahesabu. Zamu imeisha, taa nimezima,
mikono bado inanuka dawa,
na kitu kidogo cha chuma, mbele ya magoti yangu,
kinapunguza mzunguko pole pole.
Hakuna anayeniita kwa dakika hiyo.
Simu iko kwenye mkoba, mkoba uko nyuma.

Jana mmoja alichelewa kulia.
Alilia, lakini alichelewa.
Nikafika getini, nikahesabu hadi sitini,
nikaanza upya.

Asajile hajasema kama dakika ya pili ina madhara.