Wa Akiba

Jezi namba tatu iko shambani, Uyole,
imevishwa mti, inatisha ndege.
Mwenyewe, Asukile, anashona lumbesa;
mguu ule wa kushoto
siku hizi unashindilia viazi.

Anyosisye, kipa wetu, anapima maziwa Isyesye
wala hamwagi tone.
Kumbe mikono alikuwa nayo!
Sasa ile penalti ya Njombe...
haya, yameisha.

Kiwanda kilifungwa.
Nasi tukafungwa, bila goli, bila filimbi,
mishahara ya miezi mitano ikabaki daftarini.

Mimi nilikuwa wa akiba.
Misimu minne, benchi na koti la kocha mapajani.
Leo alfajiri sakitu imelala uwanja mzima,
nyeupe, haina unyayo.
Nimevua ndala.

Nimeingia.